Moyo Unapodunda: Historia Fupi ya Msongo na Jinsi Watu Walivyojifunza Kuubeba



Katika makundi yetu kuna neno linalosikika siku hizi kuliko mengi mengine: «stresi». Mwanafunzi anayengoja mtihani wa Serikali husema ana stresi. Kijana aliyemaliza chuo na kukaa miaka bila kazi husema vilevile. Familia iliyokimbia vita na kulala chini ya turubai haina hata haja ya kulitamka, kwa maana inaliishi usiku na mchana. Wazee wetu walikuwa na maneno yao: mawazo mengi, moyo mzito, kichwa kimejaa. Waandishi wa Kiswahili hupenda kusema msongo wa mawazo, au msongo tu.

Tunalitumia neno hilo bila kujua habari zake, na kutojua huko kuna gharama. Kijana asiyepata usingizi, anayetetemeka, ambaye tumbo humsokota kila asubuhi, mara nyingi huambiwa moja ya mambo matatu: kwamba ni mvivu, kwamba ni mwoga, au kwamba amelogwa. Jibu la kwanza na la pili humwongezea aibu juu ya mateso. La tatu huvunja nyumba, kwa sababu baada yake hutafutwa mchawi, naye mchawi huyo mara nyingi huwa ni mama mzee asiye na mtetezi au mtoto yatima. Historia ninayotaka kuwasimulia ni ya watu waliotafuta jibu la nne, na ilichukua zaidi ya miaka mia moja kulipata.

Mwili unaojilinda

Tuanzie Ufaransa. Claude Bernard alizaliwa mwaka 1813 katika kijiji cha Saint-Julien, katika familia ya wakulima wa mizabibu. Alipokuwa mtaalamu wa mwili huko Paris alitambua jambo ambalo leo tunaliona la kawaida: nje ya mwili hali hubadilika daima, joto na baridi, njaa na shibe, lakini ndani yake damu hujitahidi kubaki katika hali ileile. Joto lake halipandi ovyo, sukari yake haipungui ovyo. Bernard alifundisha kwamba uthabiti huo wa ndani ndio unaomwezesha kiumbe kuishi kwa uhuru katika dunia isiyo thabiti.

Mwanafunzi wa wazo hilo, ingawa hakuwahi kukaa darasani mwa Bernard, alikuwa Mmarekani Walter Cannon, aliyezaliwa mwaka 1871. Mwishoni mwa mwaka 1895 miale ya X ilikuwa imegunduliwa Ujerumani, na muda mfupi baadaye Cannon, angali mwanafunzi wa udaktari huko Harvard, aliitumia kutazama matumbo ya wanyama yakisaga chakula. Aliona jambo ambalo hakulitafuta. Paka akiwa ametulia, tumbo lake lilifanya kazi kama mawimbi. Paka akiogopa au akikasirika, mawimbi yalisimama. Alipotulizwa, yakaanza tena.

Cannon hakuliacha swali hilo. Miaka kadhaa baadaye yeye na wenzake walichukua damu ya paka waliotishwa na mbwa anayebweka, wakaipima. Ilikuwa na dalili za adrenalini, maji yanayotolewa na tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo. Mwaka 1915 alichapisha kitabu kilichokusanya matokeo ya kazi yake juu ya maumivu, njaa, hofu na hasira. Maelezo yake yanaweza kufupishwa hivi: kiumbe akikabiliwa na hatari, mwili mzima hujiandaa kwa mambo mawili, kupigana au kukimbia. Moyo hupiga haraka. Ini huachilia sukari ili misuli ipate nguvu. Damu huondolewa tumboni na kupelekwa miguuni na mikononi. Pumzi huongezeka. Hata damu yenyewe hupata wepesi wa kuganda, ili jeraha likitokea isimwagike yote.

Tazameni sasa yale yanayotupata kabla ya mtihani au mbele ya kizuizi cha askari barabarani. Kinywa hukauka, tumbo husokota, mikono hutoka jasho, moyo hudunda. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo kasoro. Ni mwili unaotulinda kwa njia ileile uliyowalinda wazazi wa wazazi wetu mbele ya chui. Shida ni kwamba mtihani haukimbiwi kwa miguu, wala deni halipigwi kwa ngumi. Nguvu imekusanywa, na haina pa kwenda.

Askari walioitwa waoga

Wakati kitabu cha Cannon kinatoka, Ulaya ilikuwa vitani. Ndani ya mahandaki ya Vita ya Kwanza ya Dunia, askari walikaa wiki nyingi chini ya mizinga bila uwezo wa kupigana wala kukimbia. Ndipo madaktari walipoanza kupokea watu wa ajabu: askari wasio na jeraha lolote, lakini waliotetemeka bila kukoma, walioshindwa kusema, walioshindwa kuona, walioamka usiku wakipiga kelele. Mwaka 1915 daktari Mwingereza Charles Myers aliandika juu ya wagonjwa wa namna hiyo. Mwanzoni ilidhaniwa kwamba mshindo wa bomu ulikuwa umetikisa ubongo. Lakini baadaye ikaonekana kwamba hata askari ambao bomu halikulipuka karibu nao walipatwa na hali ileile.

Wakubwa wengi wa jeshi hawakuwa na subira na maelezo hayo. Kwao askari aliyeacha nafasi yake alikuwa mwoga, na mwoga aliadhibiwa. Uingereza iliwapiga risasi askari 306 kwa makosa ya kutoroka, woga na mengine ya aina hiyo. Inaaminika kwamba baadhi yao walikuwa wagonjwa. Familia zao zilibeba aibu kwa miaka tisini: ni mwaka 2006 tu ndipo Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kuwasamehe.

Katika vita hiyohiyo, askari wa Force Publique waliondoka Kongo na kuingia Tabora mwezi wa Septemba 1916, pamoja na maelfu ya wapagazi waliobeba risasi na chakula vichwani. Mili yao ilikuwa na tezi zilezile na mioyo ileile kama ya Mwingereza katika handaki. Tunapowakumbuka babu zetu hao, tusihesabu tu njia waliyotembea. Tukumbuke pia usiku waliokosa usingizi baada ya kurudi nyumbani.

Hata hivyo vita hiyo ilizaa pia mwanzo wa tiba. Katika hospitali ya Craiglockhart karibu na Edinburgh, daktari W. H. R. Rivers aliwatunza maofisa waliovunjika moyo. Desturi ya wakati ule ilikuwa kumwambia mgonjwa asahau, asizungumzie yaliyopita, ajikaze kiume. Rivers aliona kwamba kusahau kwa nguvu kulizidisha ndoto mbaya. Aliwasaidia wagonjwa wake kuyasema yaliyowapata, polepole, mbele ya mtu anayesikiliza bila kuhukumu. Wahenga wetu walikwisha kusema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Panya wa Montreal

Jina la msongo kama tunavyolijua leo lilienezwa na Hans Selye. Alizaliwa Vienna mwaka 1907, akasoma udaktari Prague, kisha akahamia Kanada. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba, alipokuwa mwanafunzi, profesa aliwaonyesha wagonjwa wa maradhi mbalimbali na kufundisha alama zinazotofautisha ugonjwa mmoja na mwingine. Kijana Selye aliona jambo lingine: wote, hata kama maradhi yao yalitofautiana, walifanana kwa kuwa wagonjwa tu. Walikuwa wamelegea, hawakupenda chakula, nyuso zao zilichoka. Kwa nini hakuna aliyejishughulisha na yale wanayoshirikiana?

Miaka kumi baadaye, katika chuo kikuu cha McGill huko Montreal, alikuwa akiwachoma panya sindano za maji yaliyotolewa katika viungo vya wanyama, akitumaini kugundua homoni mpya. Panya walionyesha mabadiliko matatu: tezi za juu ya figo zilivimba, viungo vya kinga ya mwili vilisinyaa, na matumbo yalipata vidonda. Selye alifurahi, lakini furaha haikudumu. Alipojaribu maji ya viungo vingine, na hata dawa kali isiyo na homoni yoyote, mabadiliko yakawa yaleyale. Baridi kali na uchovu wa kupita kiasi navyo vilileta matokeo hayohayo. Mtu mwingine angetupa daftari. Yeye akalikumbuka swali la ujana wake, na mwezi wa Julai 1936 akachapisha barua fupi katika gazeti la kisayansi liitwalo Nature.

Selye alifundisha kwamba mwili unaolemewa hupita hatua tatu. Kwanza ni tahadhari, pale nguvu zote zinapoamshwa. Pili ni ustahimilivu, pale mwili unapozoea mzigo na kuonekana mzima. Tatu, mzigo usipotuliwa, ni kuishiwa nguvu. Tuiangalie sana hatua ya pili, kwa maana ndiyo inayotudanganya. Wangapi katika mitaa yetu wanaonekana wazima, wanacheka, wanafanya biashara, wanaimba kwaya, na kumbe ndani akiba inakwisha?

Uchunguzi uliofuata ulieleza jinsi akiba hiyo inavyoliwa. Pamoja na adrenalini, tezi zilezile hutoa homoni iitwayo kotisoli. Kwa muda mfupi inasaidia. Ikikaa juu kwa miezi na miaka, usingizi huharibika, shinikizo la damu hupanda, kumbukumbu hupungua na kinga hudhoofika. Mwaka 1995 watafiti wa jimbo la Ohio, Marekani, walichukua wanawake 13 waliokuwa wakitunza ndugu waliopoteza akili kwa ugonjwa wa uzee, na wengine 13 wasio na mzigo huo. Kila mmoja alitiwa kijeraha kidogo mkononi. Kwa wale watunzaji, kijeraha kilichelewa kupona kwa siku tisa hivi. Basi uchovu wa mama anayemwuguza mgonjwa nyumbani hauko kichwani mwake tu. Umeandikwa hata katika ngozi yake.

Wataalamu nao hukosea

Historia ya kweli haifichi makosa. Kwa miaka mingi watu wengi waliamini kwamba vidonda vya tumbo husababishwa hasa na msongo. Waaustralia wawili, Robin Warren na Barry Marshall, walionyesha kwamba wengi wa wagonjwa hao wana bakteria tumboni. Marshall alifika hata kuzinywa bakteria hizo mwenyewe mwaka 1984, ili athibitishe. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005, na leo vidonda vingi vya namna hiyo hupona kwa dawa za kuua bakteria. Funzo ni wazi: anayeumwa tumbo kwa muda mrefu asijiambie tu kwamba ni mawazo. Aende kituo cha afya apimwe.

Kosa la pili linahusu fedha. Hati zilizofunguliwa baadaye zilionyesha kwamba kampuni za tumbaku zilimlipa Selye, nazo zilipenda kusikia kwamba magonjwa ya moyo yanatokana na msongo kuliko sigara, na kwamba sigara humtuliza mtu. Vijana, mkisikia tena kwamba chupa au sigara huondoa stresi, jiulizeni nani anapata faida. Pombe hulewesha hofu kwa saa chache, huharibu usingizi, na asubuhi hofu huamka ikiwa na deni juu yake.

Mzigo ni mmoja, wabebaji ni tofauti

Kwa nini basi watu wawili wanaopatwa na jambo moja hawaumii sawasawa? Mwanasaikolojia Richard Lazarus wa chuo kikuu cha Berkeley alilifanyia kazi swali hilo, na mwaka 1984 alitoa pamoja na Susan Folkman kitabu kinachosomwa mpaka leo. Walisema kwamba mbele ya tatizo moyo wa mtu hujiuliza maswali mawili: je, jambo hili linanitishia? Na je, nina nini cha kulikabili? Msongo huwa mkubwa pale tishio linapozidi kile mtu anachoona kuwa anacho mkononi. Ndipo kuna njia mbili za kulikabili. Moja ni kulishika tatizo lenyewe: kupanga ratiba ya masomo, kuzungumza na mwenye deni, kutafuta ufundi. Nyingine ni kutuliza moyo pale jambo lisipobadilika, kama kifo cha mzazi. Hekima ni kujua lini utumie ipi. Anayelilia mtihani ambao hajausoma amekosea njia. Anayemwambia mfiwa afanye mipango naye amekosea.

Uthibitisho mwingine ulitoka karibu nasi, katika mbuga ya Masai Mara nchini Kenya. Tangu mwaka 1978 Mmarekani Robert Sapolsky aliwafuata nyani na kupima damu yao. Nyani hawa hawakosi chakula, na simba hawasumbui kila siku. Muda uliobaki wanautumia kusumbuana wao kwa wao. Pale utaratibu wa kundi ulipotulia, wale waliokuwa chini, wakipigwa na kunyang'anywa ovyo, walikuwa na homoni za msongo nyingi zaidi. Na wale waliokuwa na marafiki, waliokaa pamoja na kusafishana manyoya, walikuwa na hali bora. Cheo kilikuwa na uzito, na urafiki pia.

Bibi wa Harare na mama wa Kivu

Nchini Zimbabwe, Washona wana neno kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Ni ndugu wa «mawazo mengi» yetu. Daktari wa akili Dixon Chibanda aliona kwamba nchi yake ilikuwa na madaktari wa akili wachache mno. Mgonjwa wake mmoja, msichana, alijiua kwa sababu familia haikuwa na nauli ya basi ya kumfikisha hospitalini. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, alianza na akina bibi 14. Hawakuwa na diploma. Walikuwa na umri, heshima na masikio. Walifundishwa kukaa na mtu kwenye benchi, nje ya kituo cha afya, kumsikiliza, kumsaidia kuchagua tatizo moja kati ya mengi, na kutafuta pamoja naye hatua moja ya kulitatua. Utafiti uliotolewa mwaka 2016, uliofuata watu 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na akina bibi hao walikuwa na huzuni na wasiwasi mdogo sana kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida.

Hapa nyumbani, katika Kivu, wanawake waliofanyiwa ukatili wakati wa vita walikusanywa katika vikundi vya kijiji, wakiongozwa na wasaidizi wanawake wa palepale waliopewa mafunzo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Miezi sita baada ya tiba hiyo, waliobaki na dalili kubwa za huzuni au wasiwasi katika vikundi walikuwa asilimia 9, na kwa waliopata msaada wa mtu mmoja mmoja walikuwa asilimia 42. Mama hao hawakuondolewa umaskini wala vita. Waliondolewa upweke, na walifundishwa kuyapima upya mawazo yaliyowaambia kwamba kosa lilikuwa lao.

Linganisheni sasa. Katika mtaa mmoja, kijana anapoumwa moyo, bibi mzee anatafutwa ili ashitakiwe uchawi. Katika mtaa mwingine, bibi wa umri uleule anatafutwa ili asikilize na kuponya. Mzee ni yuleyule. Kilichobadilika ni ujuzi wa watu wanaomzunguka.

Pumzi na sala

Mwaka 2001 madaktari Waitalia, wakiongozwa na Luciano Bernardi wa Pavia, walichapisha jambo litakalowafurahisha wengi wetu. Waliwapima watu wazima 23 wakisali rozari kwa Kilatini, wakipokezana kama tunavyofanya sisi. Bila kukusudia, waliosali walipunguza pumzi zao hadi kama sita kwa dakika, na mapigo ya moyo yakafuata mwendo huo wa utulivu. Maneno ya kurudiarudia ya watu wa Asia yalileta matokeo yaleyale. Tusiseme kwamba sala ni kidonge. Thamani yake haipimwi kwa mashine. Ila tujue kwamba pumzi ndefu na ya polepole ni mlango ambao kwawo mtu anaweza kuuambia mwili wake: hatari imepita. Mlango huo uko wazi kwa kila mtu, na haulipiwi.

Basi jibu la nne ndilo hili. Anayetetemeka si mvivu, si mwoga, na hakuna jirani aliyemloga. Mwili wake umekaa katika ulinzi kwa muda mrefu mno. Anahitaji usingizi, chakula, kazi ya mikono au mchezo utakaotumia nguvu iliyokusanyika, hatua moja ndogo anayoweza kuitekeleza, na zaidi ya yote mtu wa kumsikiliza. Dalili zikidumu, anahitaji daktari. Na mwenzenu akisema kwamba amechoka kuishi, msimcheke, msimkemee, msimwache peke yake hata saa moja. Mwiteni mtu mzima mnayemwamini na mfuatane naye kituoni.

Askari 306 walingoja miaka tisini ili waitwe kwa jina lao la haki. Kijana wa kundi lenu asingoje hata wiki.

Maswali ya kuzungumzia katika kundi

1. Katika mtaa wetu, mtu mwenye mawazo mengi huitwaje? Jina hilo linamsaidia au linamwumiza?
2. Ni mzee gani kati yetu mwenye masikio ya kusikiliza, nasi hatujamwendea?
3. Kati ya mizigo niliyo nayo leo, ni upi ninaoweza kuushika kwa hatua moja, na ni upi ninaopaswa kuubeba pamoja na wengine?